Ukiumia kazini, rekodi ya mshahara wako iko wapi?

Unauza mafuta kwenye pampu, au unapanga mitungi ya gesi dukani. Siku moja gari linarudi nyuma bila kuangalia, linakugonga. Nani analipa?

Sheria ya WIBA ya 2007 inasema ni mwajiri. Kila mwajiri, awe na petroli stesheni kubwa au duka la mtaani lenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kuchukua bima ya majeraha ya kazini. Kadi ya SHA haichukui nafasi ya bima hii.

Fidia huhesabiwa vipi?

Kwa mshahara wako. Ukipata ulemavu kamili wa kudumu, unalipwa mshahara wa miezi 96. Ulemavu wa sehemu hulipwa kwa asilimia, kufuatana na jedwali la sheria.

Sasa tuseme unapata Sh24,000 kwa mwezi: Sh18,000 inaingia kwa simu, na Sh6,000 bosi anakupa keshi mkononi. Piga hesabu:

- Sh24,000 × 96 = Sh2,304,000
- Sh18,000 × 96 = Sh1,728,000

Tofauti ni Sh576,000. Hiyo ndiyo pesa utakayolazimika kubishania, kwa sababu ile keshi haina ushahidi.

Kwa mfanyakazi

- Omba mshahara wote uingie kwa simu, hata kama wewe ni kibarua.
- Pakua stetimenti yako mara kwa mara na uihifadhi. Usitegemee SMS peke yake, simu hupotea.
- Ukiumia, mwambie mwajiri mara moja, na ikiwezekana kwa maandishi. Yeye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia lipelekwe kabla miezi 12 kuisha tangu siku ya ajali.

Kwa mwenye stesheni au duka

- Malipo ya bima hukadiriwa kwa jumla ya mishahara unayolipa. Ukitangaza mishahara midogo kuliko unayolipa, unaokoa kidogo leo, lakini ajali ikitokea bima inaweza kulipa kidogo na deni lililobaki likurudie wewe.
- Sheria inakutaka uweke rekodi ya mishahara. Kulipa kwa simu, kila mtu kwa nambari yake, kunakurahisishia kazi hiyo.
- Hakikisha kampuni ya bima ina leseni ya IRA. Lipa kwa nambari ya malipo ya kampuni yenyewe, si kwa simu ya ajenti. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, kisha udai cheti chako cha bima.

Leo jioni, fungua stetimenti ya miezi mitatu iliyopita. Je, mshahara unaoonekana pale ndio ule unaolipwa kweli? Kama sivyo, zungumzeni mapema, kabla ya ajali.