Sauti na Neno: Vijana katika Redio na Magazeti Yetu



Aristotle katika kitabu chake cha Siasa anatofautisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya mara nyingi. Wanyama, anasema, wana sauti. Kwa sauti huonyesha maumivu na raha. Binadamu peke yake ana neno. Kwa neno hudhihirisha lenye manufaa na lenye madhara, lililo la haki na lisilo la haki. Hapo ndipo familia na mji hujengwa.

Tukiipokea tofauti hiyo, tunapata swali la kujiuliza kuhusu vyombo vya habari nchini: je, vijana wamepewa sauti tu, au wamepewa na neno?

1. Gazeti la chuoni

Mwaka 1888 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kuchapisha huko Zanzibar gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Lilitoka Kiungani, chuo kilicholea vijana waliookolewa utumwani na kuwaandaa kuwa walimu na makasisi. Miongoni mwa walioliandikia walikuwa walimu na wanafunzi Waafrika. Tuutafakari ukweli huu: vijana waliokuwa wamehesabiwa kama bidhaa walishika kalamu, wakaeleza habari za vituo vyao. Hilo lilikuwa neno.

2. Redio na kadi za salamu

Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Wazazi wetu wanakumbuka kadi za salamu. Kijana alijaza jina lake, majina ya anaowasalimu na ujumbe mfupi, akaituma kwa posta, kisha akasubiri. Kusikia jina lako likitajwa redioni hakukuwa jambo dogo kwa mtu wa kijijini. Lakini kadi ilikuwa na nafasi ya salamu. Ya hoja haikuwa nayo.

Hata hivyo, RTD hiyo hiyo ilituachia mfano bora. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio. Walisikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Kipindi kilikuwa mwanzo wa mazungumzo. Vijana wa rika la shule hawakuwa walengwa, ila njia yenyewe inawafaa kabisa.

3. Magazeti na redio za vijana

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi na za dini. Mwaka 1994 zilisikika Radio One na Radio Tumaini ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Muziki wa kizazi kipya ukapata mahali pa kupigwa, na vijana wakaimba kwa Kiswahili juu ya ajira, rushwa na UKIMWI.

Mwaka 1999 shirika la Femina lilianza jarida ambalo baadaye liliitwa Fema, lililowafikia wanafunzi wa sekondari. Baadaye likaja Si Mchezo!, kwa ajili ya vijana wa vijijini walio nje ya shule. Majarida hayo yaligawiwa bure, yakachapa barua za wasomaji na habari za vijana halisi, na katika shule nyingi zikaundwa klabu za Fema. Hapa msomaji alijibiwa.

4. Na Gairo?

Gairo ni mji wa barabarani kati ya Morogoro na Dodoma, makao ya wilaya tangu 2012. Leo kijana wa Chakwale au Nongwe mwenye simu husikia mengi kuliko babu yake aliyekuwa na redio ya mbao. Lakini nani anamsikia yeye?

Tuchukue mfano mmoja. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule za mfumo rasmi. Kwa miaka mingi jambo hilo lilijadiliwa na wanasiasa, walimu, wazazi na sisi watu wa Kanisa. Wasichana wenyewe walijadiliwa. Huo ndio upungufu tunaousema: suala la haki linamhusu kijana, naye hana mahali pa kulisemea.

Hatuhitaji mnara wa redio kuanza. Ubao wa matangazo wa parokia unatosha kwa gazeti la ukutani la kila mwezi, likiandikwa na TYCS na VIWAWA pamoja na vijana wasio katika vyama. Mlezi asahihishe ukweli na lugha ya matusi, asifute swali kwa sababu linamkera. Na kila swali lililobandikwa lijibiwe toleo linalofuata. Bila jibu tutakuwa tumerudia kadi za salamu.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Mara ya mwisho kijana kuuliza swali gumu katika jumuiya yetu, alijibiwa au alinyamazishwa?

2. Ni jambo gani la haki linalowagusa vijana wa kigango chetu ambalo huamuliwa bila wao kusikilizwa?

3. Nani kati yetu yuko tayari kuwa mlezi wa gazeti la ukutani?