Kifaru Hakiendi Bila Debe



Somo letu la leo litatupeleka mbali, kaskazini kabisa mwa Afrika, katika jangwa la Misri. Huko kuna makumbusho ambayo vitu vyake vikubwa haviko ndani ya nyumba. Vimepangwa nje, juani. Ni vifaru, mizinga na malori ya vita. Tutavitazama, lakini tusiishie kushangaa tu. Tujiulize swali moja: mashine hizi zenye nguvu kiasi hiki, ni kitu gani kiliziendesha, na ni kitu gani kilizisimamisha?

MANENO YA SOMO

Kifaru: gari la vita la chuma, lenye mzinga, linalotembea kwa minyororo badala ya matairi. Angalia tofauti. Mnyama tunasema, "Kifaru yule amelala." Gari tunasema, "Kifaru kile kimeharibika."

Debe: chombo cha bati cha galoni 4, yaani kama lita 18.

Bomu la kutegwa: bomu linalofukiwa ardhini, likalipuka likikanyagwa.

MAHALI PENYEWE

Mahali hapo panaitwa El Alamein. Ni pwani ya bahari ya Mediteranea, kilometa kama 106 magharibi ya mji wa Alexandria. Mwaka 1942 palikuwa na kituo kidogo tu cha gari moshi. Kwa nini basi majeshi makubwa yalipigana hapo?

Hebu chora ramani chini kwa kijiti. Juu, kaskazini, ni bahari. Chini, kusini, ni bonde la Qattara. Bonde hilo liko chini kuliko usawa wa bahari, lina chumvi na mchanga laini, na magari mazito yangezama humo. Katikati pamebaki njia ya kilometa kama 60 tu. Ni kama mlango. Mwenye kuufunga mlango huo alikuwa ameilinda Alexandria, Kairo na mfereji wa Suez.

Majeshi ya Ujerumani na Italia, chini ya Rommel, yalifika hapo yakitokea Libya. Waingereza na wenzao wakayazuia mwezi Julai 1942. Kisha usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942 Waingereza, chini ya Jenerali Montgomery, wakaanza shambulio kubwa. Siku 12 baadaye, tarehe 4 Novemba, Rommel aliamuru watu wake warudi nyuma.

KIFARU KINAKULA

Sasa tuingie uani. Tunaona kifaru cha Marekani kiitwacho Sherman. Uzito wake ni kama tani 30, na ndani walikaa watu watano. Vifaru vya namna hii viliingia vitani kwa mara ya kwanza hapo El Alamein. Kuna pia kifaru cha Kiingereza, Crusader, na cha Kiitalia, M13/40. Leo viko kimya. Watoto wanaweza kupigwa picha mbele yake.

Tufanye hesabu kidogo. Aina moja ya Sherman ilijaza petroli kama lita 660. Kwa mafuta hayo ilikwenda kilometa kama 190 kwenye barabara nzuri. Gawanya 660 kwa 190. Utapata kwamba kila kilometa moja ilikula karibu lita tatu na nusu. Basi debe moja la lita 18 lilikipeleka kifaru kilometa tano tu! Na hiyo ni barabarani. Katika mchanga kilikula zaidi.

Sasa fikiri juu ya Rommel. Mafuta yake yalitoka ng'ambo ya bahari kwa meli. Bandari kubwa ya Tripoli ilikuwa karibu kilometa 2,000 nyuma yake. Hiyo ni karibu safari ya kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza na kurudi. Malori yaliyoleta petroli nayo yalikula petroli njiani. Bandari ya Tobruk ilikuwa karibu zaidi, lakini meli zilipigwa baharini. Tarehe 26 Oktoba 1942, vita vikiwa vimepamba moto, meli ya mafuta iitwayo Proserpina iliharibiwa karibu na Tobruk. Mafuta yaliyongojwa hayakufika.

Waingereza wao walikuwa na Alexandria karibu, na reli imefika mpaka pale pale. Walikuwa na vifaru vingi zaidi, ni kweli. Lakini hata kifaru bora, kikikosa mafuta, ni jiwe tu.

DEBE NA JERIKENI

Waingereza nao walikuwa na shida yao, na shida hiyo sisi wa vijijini tunaielewa vizuri. Petroli yao na maji yao vilibebwa katika madebe ya galoni 4, ya bati jembamba. Ndugu, debe la namna hiyo ukilirusha juu ya lori, ukalipitisha kwenye mawe siku nzima, litafika likiwa limepasuka. Wakati mwingine karibu theluthi moja ya petroli ilimwagika njiani. Yaani katika madebe matatu, moja lilinyweshwa mchanga. Yaliyokwisha kazi askari waliyakata, wakatia mchanga na petroli kidogo ndani, wakawasha moto na kuchemshia chai.

Wajerumani walikuwa na chombo bora: kopo la chuma kigumu la lita 20, lenye kifuniko cha kubana na mishikio mitatu juu. Mtu mmoja aliweza kubeba makopo manne matupu, mawili kila mkono. Waingereza walipoyateka waliyapenda, kisha wakayaiga. Kwa kuwa askari wa Kiingereza walikuwa wakiwaita Wajerumani "Jerry", kopo likapata jina la jerikeni. Dumu la plastiki la lita 20 unalochotea maji leo ni mjukuu wake.

Na maji? Mara nyingi askari alipewa kama galoni moja kwa siku: ya kunywa, ya kupikia, ya kunawa, na nyingine ya rejeta ya gari. Kwa hiyo debe moja la maji ni watu wanne, siku moja basi.

WABEBAJI

Mgeni akifika kwenye makumbusho hukimbilia vifaru. Lakini asilipite lori bila kulitazama. Lori ndilo lililokilisha kifaru. Na nyuma ya lori kulikuwa na watu wa kupakia na kupakua. Katika Vita Kuu ya Pili watu wengi wa Afrika Mashariki walipelekwa Mashariki ya Kati kwa kazi hizo, na za kujenga na kulinda maghala.

Wazee wetu waliijua kazi hiyo tangu Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Huku kwetu malori yalikuwa machache na mbung'o waliua punda na ng'ombe, basi mizigo ya majeshi ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, lilitoka kwenye jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Kariakoo hakuna kifaru cha kuonyesha. Kuna jina tu.

KILICHOBAKI ARDHINI

Karibu na makumbusho kuna makaburi ya Waingereza na wenzao. Waliozikwa ni 7,240, na kati yao 815 majina yao hayajulikani. Wajerumani na Waitalia wana makaburi yao jirani.

Lakini kuna jambo ambalo halikuisha. Kabla ya vita vya Oktoba majeshi ya Rommel yalifukia mabomu zaidi ya laki nne, na Waingereza nao walitega yao. Upepo ukahamisha mchanga. Miaka mingi baada ya vita, Mabedui wafugaji na watoto wao waliendelea kuuawa na kukatwa miguu na mabomu hayo. Kazi ya kuyaondoa imekuwa ndefu na ya gharama. Kifaru cha makumbusho kina kibao cha kutueleza kilikuwa nini. Bomu lililofukiwa halina kibao.

Basi tushike hili. Ukiona shambani au porini chuma kinachofanana na bomu au risasi kubwa, usikiguse, usikigonge, usikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Waondoe watoto. Weka alama kwa mbali, kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji au polisi.

MASWALI

1. Kwa nini majeshi hayakuweza kupita kusini ya El Alamein?
2. Kifaru kikila lita 3½ kwa kilometa moja, kilometa 100 kitakula lita ngapi? Vifaru 10 je?
3. Jerikeni lilishinda debe kwa mambo gani? Taja mawili.
4. Muulize mzee mmoja kijijini kwenu habari za ndugu waliokwenda vitani au waliobeba mizigo ya vita. Andika majina yao katika daftari lako.

Jibu la 2: lita 350, lita 3,500.