Ndoa Ikivuka Mpaka: Wakili Ajibu Barua Zenu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wa jinsia moja waliooana ughaibuni, au kwa ndugu zao. Anayetaka mjadala wa dini na maadili akautafute kwingine. Hapa najibu sheria tu.

Ubalozi si ni ardhi ya nchi yake? Tukifungia ndoa ndani ya ubalozi wa Ulaya, si tumeoana Ulaya? (Barua kadhaa, Dar es Salaam na Nairobi)

Hapana, na uvumi huu umenichosha. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 inasema majengo ya ubalozi hayaingiliwi: polisi hawakanyagi humo bila idhini ya mkuu wa ubalozi. Haisemi popote kwamba kiwanja kimehama nchi. Anayeiba pochi ndani ya ubalozi ulioko Dar es Salaam ameiba Tanzania, na anayeoa humo ameoa Tanzania. Uhalali wa ndoa kwa kawaida hupimwa kwa sheria ya mahali ilipofungwa, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inataja mwanamume na mwanamke.

Kuna mnaonitolea mfano wa Uingereza. Ni kweli, baadhi ya balozi zake hufungisha ndoa hizi, lakini ni katika nchi ambazo serikali yake haikupinga. Hata hapo, ndoa inasimama kwa sheria ya Uingereza, wala si kwa kuta za jengo.

Tulioana Cape Town na cheti ni halali. Mbona Nairobi hawakitambui?

Kuwa halali ni jambo moja, kutambuliwa ni jingine. Afrika Kusini inafungisha ndoa hizi tangu Novemba 2006. Kenya inatazama ibara ya 45(2) ya Katiba yake, inayotoa haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Cheti hakijafutwa, mkirudi Cape Town bado ni wanandoa.

Tena utambuzi huja vipande vipande. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliiambia Romania kwamba haiwezi kumnyima ukaazi Mmarekani aliyefunga ndoa Brussels na mwanamume raia wa Romania. Haikuilazimisha Romania ianze kufungisha ndoa hizo. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Namibia nayo iliwatambua wenza waliooana nje, kwa ajili ya uhamiaji. Kwa hiyo msiniulize tu kama ndoa inatambuliwa. Semeni kwa ajili ya nini: viza, mirathi, mtoto au pensheni?

Kuna ajenti anasema atatusajilia ndoa kimyakimya kwa ada.

Tapeli. Msimpe hata nakala ya pasipoti.

Nikionyeshe cheti uwanja wa ndege Entebbe?

Usithubutu. Kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2023, kufunga ndoa ya namna hiyo ni kifungo cha hadi miaka 10.

Tulioana Toronto tukiwa watalii. Tumeachana, na nyumbani hakuna mahakama ya kutupa talaka.

Rudini kwenye mahakama za Kanada. Tangu mwaka 2013 sheria yao inawaruhusu wasio wakaazi kupewa talaka huko, iwapo wametengana mwaka mzima na nchi wanazoishi haziitambui ndoa yao. Msipuuze: mtu akioa tena bila talaka katika nchi inayoitambua ndoa ya kwanza, ana kesi ya jinai.

Wakurya wana nyumba ntobu. Hiyo si ndoa ya jinsia moja?

Siyo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume humuoa mwanamke mwenzake ili apate mrithi, si wapenzi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubali ndoa kama hiyo ya Kinandi katika kesi ya mirathi, kwa msingi wa mila. Hukumu hiyo haitakiokoa cheti cha Cape Town.

Nikifa, mwenzangu atapata nyumba yetu ya Mombasa?

Ikiwa hati ni ya jina lako na huna wosia, itakwenda kwa ndugu zako. Wosia unaweza kumtaja yeyote, ingawa Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 26, inawapa wategemezi nafasi ya kudai mahakamani, na Mwislamu ana masharti ya dini yake. Andika sasa, mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote.