Kuchora ni hatua moja, kuonyesha ni nyingine

Mtu aliyeruhusiwa juzi kutoka wodi ya magonjwa ya akili, au anayeanza kupata nafuu ya sonona, huambiwa mengi: meza dawa, lala mapema, usijifungie ndani. Akishauriwa kuchora au kufinyanga, jibu huwa lile lile: "Mimi sijui kuchora."

Hilo lisikuzuie. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 39 walioketi dakika 45 wakichora, wakifinyanga au kubandika picha. Kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, ilishuka kwa takriban robo tatu yao, na wazoefu hawakufaidika zaidi ya wasio na uzoefu. Kundi ni dogo, lakini linatosha kukupa moyo wa kujaribu.

Usianze kwa kununua vitu. Daftari lisilo na mistari na penseli laini vinatosha. Hata mkaa wa jikoni huchora vizuri, ila utafua nguo. Karatasi tupu ikikukwaza, shika kazi ya mikono inayojirudia: kusuka ukili, kudarizi kitambaa, kushona kofia. Vidole vikilitafuta tundu linalofuata la kofia, mawazo yanayozunguka kichwani hayabaki na uwanja peke yao. Ukitumia rangi za mafuta, kaa barazani au fungua madirisha, maana harufu yake huumiza kichwa.

Kila kazi iandikie tarehe kwa nyuma. Daktari Nise da Silveira, aliyefungua karakana za sanaa katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Rio de Janeiro mwaka 1946, alizitazama picha za wagonjwa wake kwa mfululizo, si moja moja. Wewe pia, ukipanga za miezi mitatu sakafuni, unaweza kuona mabadiliko ambayo hukuyahisi yakija. Ukipenda, nenda nazo kliniki. Mara nyingine ni rahisi kunyoosha kidole kwenye picha kuliko kujieleza.

Kuna siku sanaa hufukua. Ukichora tukio lililokuumiza, kisha moyo ukaanza kwenda mbio na mikono kutetemeka, weka kando. Chora kilicho mbele yako: kikombe, kandambili mlangoni. Tukio lenyewe lisubiri mtaalamu awepo. Dawa usipunguze kwa sababu tu wiki hii umechora na kujisikia vyema. Na mawazo ya kujiua yakikujia, mwambie mtu papo hapo akufikishe hospitali, hata kama ni usiku.

Kushirikisha wengine kuna faida yake: aliyezoea kuitwa mgonjwa, leo anaulizwa rangi hii ameipataje. Lakini huna deni la kumwonyesha mtu yeyote. Anza na mmoja unayemwamini. Kabla ya maonyesho au mtandao, amua mambo haya: litaandikwa jina lako au la kubuni? Maradhi yako yatatajwa? Nani atajibu maoni mabaya? Picha ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp, kuirudisha ni kazi bure. Ukiuza, elewaneni bei na mgawo mapema. Kazi ya mgonjwa si sadaka.

Ndugu na jamaa, punguzeni kufasiri. Rangi nyeusi si lazima iwe huzuni. Pengine ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye kopo. Badala ya "hii ina maana gani?" sema, "Nisimulie ulivyoifanya." Na waandaaji wa maonyesho, ombeni ruhusa kwa kila picha, tena mtu akiwa ametulia, si siku anapolazwa. Akibadili mawazo, picha ishushwe siku hiyo hiyo, hata kama kadi za mwaliko zimeshagawiwa.