Breki za Karavani Zikilia Njia ya Jalan

Kuanzia mwezi wa sita, joto la bara linapozidi, barabara ya Jalan Bani Bu Hassan hupitwa na watu wanaokwenda Al Ashkharah pwani kutafuta upepo wa kusi. Wengine huvuta karavani zilizolala tangu kambi za baridi kule mchangani. Njia ni tambarare, na dereva huweza kwenda muda mrefu bila kugusa breki, kwa hivyo mlio wa kwanza husikika kwenye kipilefti, na hapo kila aliyemo garini huwa fundi.

Kabla ya kubishana ni nini, jua kwanza mlio unatoka lini. Tafuta pahala patupu, shusha vioo, nenda kama kilomita 30 kwa saa. Gari linalovuta karavani yenye breki za umeme huwa na kidhibiti cha breki karibu na usukani, chenye kitufe cha kushika breki za tela peke yake. Kibonyeze bila kukanyaga pedali. Ukilia, ni tela. Usipolia hapo ila ukalia ukikanyaga pedali, anza kukagua gari. Karavani nyingi za Ulaya hazina kitu hicho. Breki zake hushika pale tela linapolisukuma gari kwa nyuma, na kishindo kizito kila unapopunguza mwendo mara nyingi hutokana na shokomzoba iliyochoka ndani ya mkono wa kuvutia.

Mvumo unaoendelea hata hujagusa breki, ukabadilika unapokata kona, mara nyingi ni beringi. Huo usisafiri nao. Beringi ikikatika gurudumu linaweza kutoka. Mngurumo mdogo wa umeme kwenye mwendo wa taratibu ni sumaku zikifanya kazi, uachilie mbali. Mlio mmoja wa kugonga mwanzoni mwa kushika breki huenda ni boli la kuvutia lililolegea au bushi za springi. Nati za magurudumu nazo zikague kwa spana, si kwa macho.

Mkwaruzo ndio wenye maneno mengi huku kwetu. Usiku mmoja wa upepo wa chumvi ufukweni unatosha kuitia dramu kutu, na asubuhi breki zitakwaruza. Shika breki mara chache na kutu itatoka. Ukifika Jalan na bado zinakwaruza, basi ama mchanga umeingia ndani ya dramu, ama laini zimeisha na riveti zinakula chuma.

Simama kivulini, weka mkono karibu na kila habu bila kuigusa, ulinganishe joto. Upande uliopigwa na jua njia nzima utakudanganya kidogo, lakini gurudumu linalobana hupita hapo kwa mbali. Mimi hulishuku zaidi lile lililo baridi. Linalolia huenda linafanya kazi ya mwenzake aliyelala kwa sababu ya waya uliokatika au sumaku iliyokufa. Sumaku nzima ya dramu ya inchi 10 au 12 ikipimwa huonyesha kama omu 3.

Ili ulifungue gurudumu, acha tela limefungwa kwenye gari, tia kabari kwenye magurudumu ya upande wa pili, na jeki iwekwe kwenye chasisi, sio kwenye ekseli. Tia stendi kabla hujaingiza mkono. Zungusha gurudumu: msuguano mwepesi ni wa kawaida, mchakacho kama wa changarawe ni beringi. Dramu ikitoka, usipulize vumbi kwa kompresa, kwani laini za zamani huweza kuwa na asbesto; lowesha kwa maji ufute. Laini iliyofika milimita 1.5 imekwisha. Sumaku inayoonyesha shaba usoni imekwisha pia. Laini iliyolowa grisi haisafishiki, tupa, na ubadilishe pande zote mbili za ekseli. Grisi hiyo mara nyingi ni ya mwenyewe aliyepampu habu mpaka sili ikashindwa.

Ukiipeleka karavani sanaiya, kwenye magereji, usimwambie fundi "breki zinalia" ukaondoka. Mwambie zinalia lini na gurudumu gani. Kama amezoea breki za mafuta na za upepo tu, simama naye: breki za umeme za kulia na kushoto hazibadilishani, na zikifungwa kinyume hushika kwa udhaifu. Baada ya kufunga, kaza nyota ya kurekebishia mpaka gurudumu lizunguke kwa tabu, kisha ilegeze mpaka libaki na msuguano mdogo. Laini mpya hukaa sawa taratibu, basi irekebishe tena baada ya kilomita 300 hivi.