Lugalo juu ya meza

Kama unasoma historia, jaribu zoezi hili tunalolicheza geto kwetu Kijenge. Tandika kanga mezani, vitabu chini yake viwe vilima. Vizibo vya soda ni msafara wa Wajerumani, punje za mahindi ni Wahehe. Bunduki inafika viganja vitatu. Mkuki lazima uguse. Tupa dadu: tano au sita, mmoja anaondoka.

Anza na Lugalo, 17 Agosti 1891. Punje zikiwa wazi, anayecheza Zelewski anasimama mbali na kupiga risasi tu. Sasa badili kanuni moja: Mhehe aandike kwenye karatasi alikoficha watu wake. Msafara unaingia katikati yao umenyooka kama siafu, na mikuki inagusa. Siku ile Zelewski mwenyewe aliuawa.

Kisha cheza Kalenga, Oktoba 1894. Ngome ya mawe haifichiki. Mzinga unajua pa kulenga. Wajerumani waliiteka.

Kwenye mtihani wengi tunaandika kwamba bunduki ilishinda mkuki, basi. Hiyo haielezi Lugalo. Kabla ya kuhesabu silaha, uliza nani alijua mwenzake yuko wapi.