Sisimizi katika Vyungu vya Maua

Sisimizi wakijenga kiota ndani ya chungu cha maua, huchimba vijia vingi. Mizizi huachwa wazi, ikakauka, na ua likanyauka. Kuwaponda wale watembeao juu hakufai kitu, maana malkia, atagaye mayai, yumo chini udongoni. Maji ya moto au mafuta ya taa yataua sisimizi na ua pia.

Fanyeni hivi. Pelekeni chungu nje, mbali na vingine, mkitumbukize katika ndoo ya maji baridi mpaka udongo ufunikwe. Egemezeni kijiti kiwe daraja. Kwa muda wa nusu saa hivi sisimizi watatoka wakibeba mayai yao. Kisha toeni chungu, maji yachuruzike. Wakibaki, rudieni siku nyingine. Wakikataa kabisa, badilisheni udongo.

Tena tazameni chini ya majani. Wadudu wadogo waitwao vidukari hufyonza utomvu na kutoa maji matamu, na sisimizi huwalinda kama mchungaji alindavyo ng'ombe wake. Waosheni kwa maji ya sabuni. Mkiwaacha, sisimizi watarudi.